Ukirudi Pemba, mwachie mama video kwenye TV ya ukumbini

Usibebe TV kutoka ulaya. Mzigo ni mkubwa, kioo kinavunjika njiani, na ukiinunua Marekani huenda ikawa ya volti 120 peke yake. Umeme wa kwetu ni volti 230, utaiunguza siku ya kwanza. TV iliyopo Wete au Chake inatosha, mradi ina tundu la HDMI. Nunua kijiti cha Android TV, kifaa kidogo kinachochomekwa hapo na kuleta YouTube kwenye TV kwa intaneti. Chaja zake nyingi zimeandikwa 100–240V, lakini soma mwenyewe. Aliyenunua Uingereza hahitaji hata adapta, kwa sababu plagi ni ile ile ya meno matatu.

Kijiti kipe umeme kwa chaja yake. Ukikichomeka USB ya TV, mara nyingi kitajizima na kujiwasha. Umeme wa Pemba unatoka Tanga kwa waya wa chini ya bahari tangu 2010, na ukikatika hurudi kwa nguvu, kwa hiyo nunua na tivii gadi, kile kifaa cha kuikinga TV na umeme wa ghafla. Hapo usibane pesa.

Sasa akaunti. Mara ya kwanza nilimwekea mama kila kitu kwa akaunti yangu, nikaondoka roho safi. Miezi michache baadaye nikabadilisha nywila. TV ikamtoa, ikawa inadai uthibitisho, na ujumbe wa kuthibitisha unaingia kwenye simu yangu mimi niliyeko kazini, London. Mama hakusema neno. Alirudi kuitazama harusi ya mjukuu wake kwenye simu, miwani usoni, na mimi nilijua baada ya kusikia kwa dada. Iliniuma sana. Basi fungua akaunti ya mama mwenyewe, kwa namba ya simu inayokaa nyumbani. YouTube ya kwenye TV itakupa msimbo, uandike kwenye simu hiyo, umemaliza.

Video za familia zisiwekwe wazi kwa kila mtu. YouTube ina hali ya kati: video haitafutiki, anaiona mwenye kiungo tu. Zikusanye kwenye orodha moja, uihifadhi kwenye akaunti ya mama, azikute zote mahali pamoja. Hii inafaa kwa watoto wanaosoma juzuu, kwa Idi, kwa mtu anayekata keki.

Haifai kwa harusi ya upande wa wanawake. Bibi harusi anasingwa, akina mama wamevua mabuibui, wanacheza kwa sababu wanajua wako peke yao. Kiungo hupitishwa kutoka simu hadi simu, na kikishafika barazani hakirudi. Hiyo itie kwenye flashi, mpe mtu unayemwamini anayesafiri, akaikabidhi mkononi. Angalia na aina ya faili: TV nyingi husoma MP4 ya H.264, video za iPhone mara nyingi ni za aina nyingine, HEVC, na TV za zamani hazizifungui, kwa hiyo zibadilishe kabla ziwe H.264. Flashi ikiwa imefomatiwa kwa mfumo wa FAT32, faili moja isizidi GB 4. Video ndefu ikate vipande. Na flashi haili bando.

Bando ndilo linaloua mpango huu. Saa moja ya picha kali ya 1080p inaweza kula zaidi ya GB 1.5, wakati picha hafifu ya 480p inakula karibu nusu GB. Ingia kwenye mipangilio, punguza picha hadi 720p au chini yake. Zima pia video kujicheza zenyewe, maana mama atasinzia na TV itaendelea mpaka alfajiri. Gharama ya bando ya kila mwezi ihesabu pamoja na pesa unazotuma za matumizi, usimwachie yeye.

Kama nyumba yenu haiko Pemba bali Unguja, Mji Mkongwe, zile kuta nene za mawe na chokaa huzuia Wi-Fi. Weka ruta ukumbini penye TV, utumie masafa ya 2.4 GHz, hayo hupenya kuta vizuri zaidi.

Usidhani wazee hawataweza. Televisheni Zanzibar ilianza 1973, tena ya rangi, Bara ikasubiri hadi miaka ya 1990. Wamekua na TV. Siku mbili kabla ya kuondoka, mpe mama rimoti, kisha utoke ukakae barazani. Akikuita, angalia amekwama wapi, uandike hatua hiyo kwa herufi kubwa kwenye karatasi, uibandike ukutani pembeni ya TV. Kesho yake toka tena.