Kaunta ya tiki ya mianzi kwa gharama nafuu, Moshi

Mtindo wa tiki, yaani baa zenye sura ya visiwa vya Pasifiki, ulianzia California miaka ya 1930, lakini mianzi na makuti si vitu vigeni Moshi. Kaunta ya mita 1.5 inatosha barazani.

Fremu iwe ya mbao za paini za inchi 2x2, kimo sentimita 105, upana wa juu 45. Viti viwe na kimo cha 75 ili magoti yapate nafasi.

Kazi yenyewe iko kwenye mianzi. Chagua iliyofikisha miaka mitatu. Michanga ina wanga mwingi, na bungua, wadudu watoboao mbao, huufuata huo. Ikaushe kivulini wiki sita hadi nane. Ukiifunga mbichi itasinyaa, ipasuke, na skrubu zitalegea. Toboa kwa drili kwanza. Msumari ukipigiliwa moja kwa moja hupasua mwanzi wote. Ikiwa na unene wa sentimita 8 na ukiipasua katikati kwa urefu, nusu 19 zinajaza mbele ya kaunta, yaani vipande 10 vya sentimita 105.

Juu weka plaiwudi ya milimita 18, vanishi mara tatu, msasa laini katikati. Makuti hutoka pwani, kwa hiyo bei hupanda na usafiri. Yatumie kupamba ukingo tu. Mishumaa na chemli zikae mbali nayo kabisa.