Funga habu kabla ya tope

Habu ni kifaa cha katikati ya gurudumu la mbele kinacholiunganisha na ekseli; kwenye Land Cruiser yenye habu za mkono nazifunga kabla sijaingia tope. Ikishazama hadi ekseli, utaipapasa habu huku umelala matopeni. Simama, shuka, zungusha kitufe cha katikati ya gurudumu la mbele kutoka FREE hadi LOCK, pande zote mbili. Tumia vidole tu, plaizi huvunja kitufe. Kikigoma, sogeza gari kidogo, ujaribu tena. Ndipo uingize 4x4, yaani magurudumu yote manne yavute. Ukisahau habu, propela shafti ya mbele (mhimili unaopeleka nguvu ya injini mbele) itazunguka lakini magurudumu ya mbele hayatavuta.

Habu za otomatiki hujifunga gari linapoanza kuvuta kwa 4x4. Kuzifungua, simama, rudisha 2H (magurudumu ya nyuma tu yavute), kisha rudi nyuma taratibu mita moja au mbili bila kukata kona. Baadhi zina alama ya LOCK pia. Kwenye miteremko ya Usambara wakati wa masika mimi huziweka hapo, kwa sababu zikiwa AUTO zinaweza kuachia injini inapolizuia gari.

Kwa kazi ya shamba nachagua za mkono. Mvua zikiisha nazifungua kuzikagua ndani: grisi ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Safisha, weka gasketi mpya.