Tairi la baiskeli kupungua upepo bila pancha

Baiskeli iliyoegeshwa wiki tatu bila kuguswa hukutwa matairi yake yamelegea, na wengi hukimbilia kwa fundi wakidhani ni pancha. Mara nyingi hakuna tundu lolote. Mpira wa tyubu, hata ukiwa mzima, hupitisha hewa polepole mno, na kadiri upepo ulivyojazwa kwa nguvu ndivyo unavyosukumwa nje kwa kasi zaidi. Ndiyo maana tairi jembamba la baiskeli ya mbio hulegea mapema kuliko lile nene la baiskeli ya mizigo.

Kabla ya kubandua tairi, kagua kwanza valvu. Katika baiskeli zetu za mtindo wa zamani, msumari wa valvu huvishwa kijimrija chembamba cha mpira, ambacho jua na umri hukikausha hadi kikapasuka. Paka mate kidogo kwenye mdomo wa valvu, kisha utazame kwa makini: povu likivimba taratibu, badilisha kijimrija hicho tu, kazi ya dakika chache na ya gharama ndogo sana. Lisipotokea, jaza upepo, na asubuhi yake ubonyeze tairi kwa kidole gumba. Likiwa bado gumu, tyubu yako ni nzima, na kuipiga pampu kila baada ya wiki moja au mbili kunatosha. Tafadhali usipande baiskeli yenye tairi lililolegea, kwa maana ukikanyaga jiwe rimu huibana tyubu na kuitoboa matundu mawili yanayokaribiana, na hapo ndipo utakapokuwa na pancha ya kweli.