Maji kabla ya kitambaa: kusafisha lenzi za kamera kwenye viwanda vya chumvi Malindi

Kwenye viwanda vya chumvi vya Gongoni na Marereni, kaskazini mwa Malindi, kamera nyingi za ulinzi huharibiwa na kitambaa cha anayezisafisha. Kusi inapovuma hubandika chembe za chumvi kwenye kioo, na ukifuta kikiwa kikavu kila chembe hugeuka msasa. Mchana huioni mikwaruzo. Usiku taa za infraredi (mwanga usioonekana kwa macho, unaoiwezesha kamera kuona gizani) zikiwaka, picha yote huwa ukungu mweupe, na hapo hakuna dawa ila kununua kifuniko kipya.

Maji ya kisima yasitumike, kwani yakikauka huacha madoa. Nunua yale yasiyo na madini, yanayouzwa kwenye vituo vya petroli kwa kuongezea betri. Soma chupa vizuri: asidi ya betri nayo huuzwa papo hapo.

Anza asubuhi, jua halijawa kali, na uzime umeme wa kamera. Puliza vumbi kwa kipulizio cha mpira cha kuminya kwa mkono, uondoe utando wa buibui kwa brashi laini. Nyunyiza maji mpaka yatiririke, ngoja dakika 2 chumvi iyeyuke, nyunyiza tena. Ndipo ushike kitambaa cha maikrofaiba kilicholowa, ufute kutoka katikati kwenda pembeni bila kukandamiza, ukigeuza upande safi kila mara. Kausha kwa kingine. Mafuta yakikataa kutoka, tone 1 la sabuni ya vyombo kwenye nusu lita linatosha, kisha suuza. Mashine ya kuoshea magari usiisogeze hapo, maana hupenyeza maji kwenye mipira ya kuzibia.

Kuba, yaani kifuniko cha mviringo cha kamera, likiwa la plastiki ya polikaboneti lisiguswe na asetoni wala dawa ya vioo yenye amonia: huingia nyufa nyembamba zisizotibika.

Ukungu ukiwa upande wa ndani, kufuta nje ni kujisumbua bure. Fungua, kagua mpira kama umekatika au umeshika mchanga, weka pakiti mpya ya silika jeli (punje za kunyonya unyevu), upake mpira grisi ya silikoni kidogo sana. Funga ukiwa chumba chenye kiyoyozi, usije ukafungia humo hewa ya bahari.

Msimu wa kusi rudia kila wiki 2. Kaskazi, mara 1 kwa mwezi. Usiku wa siku hiyo tazama picha: ukiona doa jeupe lililotulia mahali pamoja, umeacha alama ya kidole kwenye kuba.