Gesi katika nyumba ya kupangisha Uingereza: wajibu wa mwenye nyumba kabla na baada ya cheti

Mtu yeyote anayepangisha nyumba, fleti au hata chumba kimoja ndani ya nyumba anayoishi mwenyewe katika England, Wales au Uskoti, kwa mkataba usiofikia miaka 7, anawajibika kisheria kwa usalama wa vifaa vya gesi alivyomwekea mpangaji. Wajibu huo umo katika Kanuni za Usalama wa Gesi za mwaka 1998, hasa kanuni ya 36. Ireland Kaskazini ina kanuni zake zinazojitegemea, kwa hiyo mwenye nyumba wa Belfast asome za huko. Wenye nyumba wengi wakiulizwa kuhusu wajibu huu hujibu kwa neno moja tu, cheti, kana kwamba karatasi inayotolewa mara moja kwa mwaka ndiyo sheria yenyewe. Sivyo. Sheria inadai mambo mawili tofauti: kwanza, vifaa, dohani na mabomba ya gesi vitunzwe ili viwe salama muda wote, pili, kila kifaa na kila dohani vikaguliwe angalau mara moja katika kila miezi 12. Cheti hushuhudia hali ya siku moja, na siku nyingine zote za mwaka bado zimo mikononi mwa mwenye nyumba.

Kinachohofiwa si mlipuko peke yake. Gesi asilia haina kaboni monoksidi ndani yake, tofauti na gesi ya makaa ya mawe ambayo Waingereza waliitumia hadi ilipoondolewa nchi nzima kati ya mwaka 1967 na 1977. Hata hivyo, gesi asilia ikiungua bila hewa ya kutosha, au moshi wake ukikosa njia kwa sababu dohani imeziba au imepasuka, hutoa kaboni monoksidi, ambayo haina rangi, harufu wala ladha. Ikivutwa, hushikamana na himoglobini ya damu kwa nguvu inayoizidi oksijeni zaidi ya mara 200, na mwili huanza kukosa oksijeni ilhali mtu anaendelea kupumua kama kawaida. Maumivu ya kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu vinavyofuata hufanana mno na mafua, hata mgonjwa humeza vidonge na kurudi kulala katika chumba kilekile kinachomdhuru. Mpangaji hana hisi ya kumwonya, wala kwa kawaida hakuchagua boila, yaani mtambo wa kupasha maji na nyumba joto, iliyomo ndani ya nyumba. Hiyo ndiyo sababu sheria ikamtwika mzigo huu mwenye mali, na kwa maoni yangu iliutua mahali pake.

Kujua kilichomo ndani ya nyumba

Kazi ya kwanza ni kuipitia nyumba chumba kwa chumba na kuandika kila kitu kinachotumia gesi: boila, jiko, hita ya ukutani, hita ya sebuleni iliyojengwa mahali palipokuwa na moto wa makaa, pamoja na dohani ya kila kimoja. Kifaa ambacho mpangaji alikuja nacho na ni mali yake hakimo katika wajibu wa mwenye nyumba, ila dohani ya jengo inayokitoa moshi imo, isipokuwa kama dohani hiyo inahudumia kifaa cha mpangaji pekee. Katika fleti nyingi za miaka ya karibuni, dohani ya boila hupita ndani ya dari au ukuta na hutokeza nje mita kadhaa kutoka ilipoanzia. Pasipokuwa na vifuniko vya kukagulia njiani, fundi hawezi kuona kama viungio vimeachana, na anaweza kushauri boila izimwe mpaka vifuniko hivyo viwekwe. Ni afadhali kugundua upungufu huu kabla ya kununua au kupangisha fleti kuliko kuugundua katikati ya baridi ya Januari.

Yapo mambo mawili ambayo husahauliwa. La kwanza ni mabomba. Sheria inamtaka mwenye nyumba ayatunze, lakini ukaguzi wa lazima wa kila mwaka unahusu vifaa na dohani tu, kwa hiyo fundi aombwe kwa maneno wazi, na ikiwezekana kwa maandishi, apime pia kama mfumo mzima unavuja na ayatazame mabomba yanayoonekana. La pili ni vyumba vilivyobadilishwa matumizi. Mwenye nyumba anayeigeuza sebule kuwa chumba cha kulala ili apate mpangaji mmoja zaidi anabadilisha pia masharti ya hita iliyomo humo. Hita au boila inayozidi kilowati 14 haifai kuwa katika chumba cha kulala isipokuwa iwe ya aina iliyozibwa, inayovuta hewa kutoka nje na kurudisha moshi nje bila kuigusa hewa ya chumbani. Ile ya kilowati 14 au chini yake iwe imezibwa vivyo hivyo, au iwe na kidhibiti kinachoizima kabla moshi wa hatari haujajikusanya. Ukaguzi hauwezi kumkinga mtu anayelala kando ya kifaa ambacho hakikuruhusiwa kuwa pale tangu awali.

Fundi na tarehe

Kazi yoyote ya gesi ndani ya nyumba ya kupangisha lazima ifanywe na fundi aliyeandikishwa katika Gas Safe Register, orodha rasmi iliyochukua nafasi ya CORGI tarehe 1 Aprili 2009. Mtu anayeendelea kujitangaza kwa jina la CORGI kama uthibitisho wa sifa zake anajionyesha mwenyewe kuwa hafai. Fundi halali ana kadi yenye picha, namba ya leseni na tarehe ya kwisha muda wake. Upande wa nyuma wa kadi hiyo, ambao watu wachache huugeuza kuusoma, ndio unaoonyesha aina za kazi anazoruhusiwa kufanya. Aliyehitimu kwa majiko si lazima awe amehitimu kwa boila, na aliyehitimu kwa gesi asilia ya bomba si lazima awe amehitimu kwa gesi ya mitungi au matangi, inayotumika katika nyumba za vijijini ambako bomba la gesi halijafika. Namba ya leseni inaweza kuhakikiwa bila malipo katika tovuti ya Gas Safe Register kabla fundi hajagusa chochote.

Kuhusu tarehe, mabadiliko yaliyoanza tarehe 6 Aprili 2018 yamerahisisha mambo. Ukaguzi ukifanywa baada ya kutimia miezi 10 lakini kabla ya kutimia miezi 12 tangu ule uliopita, tarehe ya mwisho haisogei. Chukulia kwamba kikomo ni 20 Septemba na fundi akaja 25 Julai; kikomo cha mwaka unaofuata kitabaki 20 Septemba, na mwenye nyumba hapotezi hata siku moja. Kwa hiyo hana sababu ya kungoja wiki ya mwisho. Namshauri apange miadi mwanzoni kabisa mwa miezi hiyo miwili, kwa kuwa mpangaji anaweza kuwa safarini, fundi anaweza kuugua, na kipuri kinaweza kuchelewa. Kifaa kipya kikaguliwe kwa mara ya kwanza ndani ya miezi 12 tangu kilipofungwa.

Siku ya ukaguzi fundi hupima shinikizo la gesi au kiasi cha nishati ya gesi inayoingia kwenye kifaa, huangalia kama hewa ya kuunguzia inatosha, kama dohani inautoa moshi nje ipasavyo, na kama kifaa kinafanya kazi kwa usalama pamoja na vidhibiti vyake. Huku siko kukifanyia kifaa sevisi. Sevisi ni kukifungua, kukisafisha na kubadilisha kilichochakaa kwa kufuata maelekezo ya mtengenezaji, na ndiyo sehemu kubwa ya ule wajibu wa kwanza wa utunzaji. Fundi anaweza kufanya yote mawili kwa ziara moja, na bei huwa nafuu kuliko kumwita mara mbili. Bora aulizwe mapema anachokuja kukifanya. Gharama ni za mwenye nyumba, naye hawezi kumhamishia mpangaji wajibu huu hata kama mpangaji ataukubali kwa saini.

Rekodi, na kifaa kinapokutwa na kasoro

Baada ya ukaguzi, fundi hutoa rekodi, ambayo ndiyo kile kinachoitwa cheti, yenye tarehe, anwani ya nyumba, jina na anwani ya mwenye nyumba au wakala wake, maelezo ya kila kifaa na dohani na mahali vilipo, kasoro zilizoonekana na hatua zilizochukuliwa, pamoja na jina, saini na namba ya uandikishaji ya fundi. Ni vyema kuisoma akiwa bado yumo nyumbani, kwa sababu hita iliyosahauliwa katika orodha ni hita ambayo haikukaguliwa. Mpangaji aliyemo apewe nakala ndani ya siku 28 tangu ukaguzi, na mpangaji mpya aipate kabla hajahamia. Nakala ya mwenye nyumba ihifadhiwe kwa miaka 2 au zaidi. Anayetumia nafuu ya tarehe niliyoieleza hapo juu aitunze mpaka kaguzi mbili nyingine zipite.

Ikiwa kifaa kina kasoro ya hatari, fundi atakiainisha kuwa ni hatari ya papo hapo au kwamba kinaweza kuwa hatari, ataeleza kwa maandishi, na ataomba ruhusa ya kukikata au kukizima. Mwenye nyumba asibishane naye wala asimtafute fundi mwingine kwa nia ya kupata karatasi safi. Kifaa hicho kisitumike mpaka kitengenezwe, na kukitumia huku ikijulikana kuwa ni hatari ni kosa la jinai. Hapa namfikiria pia mpangaji aliyebaki bila joto wala maji moto: katika England, sheria ya upangaji ya mwaka 1985 inamtaka mwenye nyumba kuyarekebisha haya ndani ya muda wa kuridhisha, na hita mbili za umeme zilizoletwa jioni ileile ni jambo dogo kwake lakini ni kubwa kwa familia yenye mtoto mchanga.

Mpangaji asipofungua mlango

Hili ndilo huwasumbua wengi. Mkataba wa upangaji uwe na kifungu kinachomruhusu mwenye nyumba kuingia kwa ajili ya ukaguzi na matengenezo ya gesi, kwa taarifa iliyotolewa mapema. Mpangaji akikataa au asipojibu, sheria haimruhusu mtu yeyote kuvunja mlango wala kuingia kwa nguvu. Inachotaka ni kwamba mwenye nyumba aonyeshe amechukua kila hatua ya busara, na Health and Safety Executive, chombo cha serikali kinachosimamia sheria hii, hutarajia kuona angalau majaribio matatu. Kila jaribio liandikwe: tarehe, saa, ujumbe uliotumwa, jibu lililopatikana, taarifa iliyoachwa mlangoni. Barua ieleze kwamba ukaguzi ni takwa la sheria kwa usalama wa mpangaji mwenyewe, na impe nafasi ya kuchagua siku. Mara nyingi kinachomzuia mtu ni hofu ya kukosa siku ya kazi, au barua iliyoandikwa kwa lugha asiyoisoma vizuri. Miadi ya Jumamosi, au simu iliyopigwa kwa lugha anayoielewa, hufungua milango ambayo barua tatu za vitisho zingeifunga zaidi. Ikishindikana kabisa, njia iliyobaki ni mahakama.

Kengele, wakala na adhabu

Katika England, tangu tarehe 1 Oktoba 2022, kila chumba cha kuishi chenye kifaa cha kudumu kinachounguza nishati, isipokuwa jiko la gesi la kupikia, lazima kiwe na kengele ya kaboni monoksidi. Ijaribiwe siku upangaji unapoanza, na ikiharibika baadaye itengenezwe au ibadilishwe mara mpangaji anapotoa taarifa. Atakayepuuza anaweza kutozwa hadi pauni 5,000. Wales na Uskoti zina masharti yao ya kengele. Mimi ningeiweka hata mahali ambapo sheria haidai.

Mwenye nyumba anayeishi mbali, na wapo wengi waliorudi Afrika Mashariki wakaacha nyumba Uingereza, kwa kawaida humwachia wakala kila kitu. Mkataba wao useme bayana nani ataagiza ukaguzi, nani atalipia matengenezo ya dharura bila kungoja idhini ya simu, na nani atatunza rekodi. Hata hivyo, wajibu wa jumla haumtoki mwenye nyumba, kwa hiyo adai kutumiwa nakala ya kila rekodi na aisome. Kukiuka kanuni hizi ni kosa chini ya sheria ya afya na usalama kazini ya mwaka 1974, na adhabu yake ni faini isiyo na kikomo, kifungo cha hadi miaka 2, au vyote viwili. Mtu akifa, mashtaka yanaweza kuwa ya kuua bila kukusudia.

Limebaki la kumwachia mpangaji siku anapokabidhiwa funguo. Aonyeshwe koki kuu ya gesi, ambayo kwa kawaida huwa karibu na mita, na aizungushe mwenyewe mara moja: mkono wake ukikaa mkingamo na bomba, gesi imefungwa. Aelezwe kwamba mwali wa manjano badala ya buluu, masizi kandokando ya kifaa, mvuke mwingi usio wa kawaida kwenye madirisha, au maumivu ya kichwa yanayopona anapotoka nje ni sababu ya kuzima kila kitu na kumpigia mwenye nyumba simu hata usiku. Na akisikia harufu ya gesi, au kengele ya kaboni monoksidi ikilia, afunge koki kama anaifikia kwa usalama, afungue milango na madirisha, asiguse swichi wala asiwashe kiberiti, atoe kila mtu nje, kisha apige simu akiwa huko nje kwa namba ya dharura ya gesi, 0800 111 999, inayopokelewa saa 24, na asirudi ndani mpaka mhudumu wa dharura aseme ni salama.