Ngozi ya mbuzi iwambwe kwenye fremu, isianikwe chini

Kila Idd ya kuchinja ngozi za mbuzi hutandazwa juu ya mabati au mchangani, zikaachiwa jua. Jioni zimekauka kau na mwenyewe anaridhika. Tatizo liko ndani. Zaidi ya nusu ya uzito wa ngozi mbichi ni maji, na jua kali hukausha uso wake kabla maji hayo hayajatoka. Bakteria wanaendelea kuila ngozi huko ndani, na hakuna anayejua mpaka iloweshwe kiwandani ianze kutoboka. Upande uliolala chini nao huoza kwa kukosa hewa.

Fremu inamaliza tatizo hilo, na haihitaji fundi. Tafuta miti minne iliyonyooka, unene wa kifundo cha mkono, uunge mraba wa mita 1.5 kila upande. Unatosha mbuzi na kondoo. Pembeni unaweza kupiga misumari, ila isiguse ngozi, kwa maana kutu huacha doa lisilotoka. Kwa sababu hiyo hiyo waya haufai kuwambia. Tumia kamba ya katani.

Kabla ya hapo, mnyama aliyekufa ghafla asichunwe kabisa, hasa akiwa anatokwa na damu isiyoganda puani au kwenye haja. Huenda ni ugonjwa wa kimeta, nao huua watu. Mwite afisa mifugo.

Ngozi ya mnyama mwenye afya iwambwe siku ileile ya kuchinja. Ioshe damu na kinyesi kwa maji safi, ukwangue mabaki ya nyama na mafuta kwa kisu butu. Toboa matundu madogo ukingoni kabisa, kwa kuwa kila tundu la katikati linapunguza bei. Anza kufunga shingo juu na mkia chini, kisha miguu, mwisho ubavuni, kila tundu na kamba yake ili uweze kulegeza au kukaza sehemu moja bila kufumua nyingine.

Hapa ndipo wengi wanapozidisha. Ngozi hunywea ikikauka, kwa hiyo ukiivuta kwa nguvu zote ikiwa mbichi itabaki nyembamba na dhaifu. Vuta mpaka mikunjo iishe, basi. Unawamba ngozi ya kuuza, si ya ngoma.

Simamisha fremu kivulini penye upepo, chini ya mti au banda la makuti lisilo na kuta. Paa la mabati likiwa chini sana hugeuza banda kuwa tanuri. Iinuliwe kutoka ardhini kiasi cha nusu mita, mbwa wasiifikie. Kwenye hewa kavu siku chache zinatosha. Masika inachelewa, na hakuna haja ya kuiharakisha kwa moto. Kagua shingoni, ndipo penye unene: pakiwa bado laini, usifungue.

Zilizokauka zipange juu ya chaga, si sakafuni wala ndani ya mifuko ya plastiki, na uzikung'ute mara kwa mara kuondoa wadudu. Kuhusu soko, mnunuzi anayelipa bei moja kwa kila ngozi hawezi kukulipa kazi hii. Wafugaji wa kijiji kimoja wakikusanya mzigo pamoja wanaweza kumdai apange madaraja ya ubora mbele yao, ngozi moja moja.