Samansi yenye kosa: usiiweke kabatini

Herufi moja, E, ndiyo iliyotaka kumpokonya shemeji yangu mashine ya randa. Kesi zinazofunguliwa kwa mtandao wa Mahakama hapa Kenya hupewa nambari inayotanguliwa na herufi hiyo. Aliyechapa samansi ya shemeji, yaani karatasi ya korti ya kumwita ajibu kesi, aliisahau. Shemeji ni seremala, wakili hana. Akajaza hati ya kujitokeza, ile ya kuiambia korti kwamba ameitika wito, kwa nambari aliyoiona, akaipeleka rejistri, ofisi ya mafaili ya korti, ikapigwa muhuri, akarudi Likoni kwenye kazi yake. Hati ikalazwa kwenye faili la watu wasiomjua. Katika faili lake ikaonekana hakujibu, hukumu ikatoka, na baada ya miezi dalali wa korti akaingia karakanani akiorodhesha vyombo vya kuuzwa kulipia deni.

Nilikuwa karani wa korti miaka 19, na kosa kama hilo nimeliona likivunja nyumba za watu. Kwa hiyo nisikilize vizuri.

Siku unayopewa samansi, andika nyuma yake tarehe, saa, mahali na aliyekukabidhi. Ipige picha. Kama imekuja kwa barua pepe au WhatsApp, njia ambazo kanuni zinaziruhusu tangu 2020, usifute ujumbe.

Kisha ilinganishe na hati ya madai, ambayo ni lazima iambatane nayo. Angalia jina, nambari ya kesi, mwaka, ni korti ipi, muhuri, sahihi, na siku ulizopewa za kujitokeza. Siku hizo hazipungui 10. Angalia pia ilitolewa lini, maana samansi huishi miezi 12, labda korti iongeze muda.

Makosa hayana uzito mmoja, na hapa ndipo watu wengi wanapoumia. Mtu anaona jina lake limeandikwa Mwanajumaa badala ya Mwanajuma, anasema, "Huyu si mimi," anaiweka kabatini. La hasha! Ikiwa duka ni lako, deni unalijua na nambari ya simu ni yako, hakimu atauliza jambo moja tu: je, ulielewa kwamba unaitwa wewe? Katiba yetu ya 2010, Ibara ya 159(2)(d), inaziagiza korti zisiache haki kwa sababu ya mambo madogo ya utaratibu, na herufi iliyozidi ni jambo dogo. Lakini kosa linalokupeleka mlango usio wako ni habari nyingine: nambari ya faili la mwingine, Kwale badala ya Mombasa, au karatasi isiyo na muhuri wala sahihi. Hilo linagusa haki yako ya kusikilizwa.

Hata hivyo, kosa liwe dogo au kubwa, jibu. Nenda rejistri na samansi mkononi, mwombe karani atafute kesi kwa majina ya mdai na mdaiwa, asitegemee nambari peke yake. Ukishajua faili lako, weka hati ya kujitokeza humo, na barua fupi inayotaja kosa uliloliona. Kama unapinga kwamba korti ile ina mamlaka juu yako, andika wazi kwamba unajitokeza ukiwa na pingamizi. Utetezi wako unafuata ndani ya siku 14 tangu ujitokeze. Kila karatasi, rudi nyumbani na nakala yenye muhuri. Nakala hiyo ndiyo iliyomwokoa shemeji.

Na kama hukumu imeshatoka?

Kwanza lipa ada ya kupekua faili, na utafute afidaviti, yaani kiapo cha maandishi, ya aliyepeleka samansi. Kabla ya hukumu ya kutojibu, ni lazima iwemo. Isome neno kwa neno. Anasema alikukuta wapi? Nani alimwonyesha nyumba? Saa ngapi? Niliwahi kusoma moja iliyodai mtu alipewa samansi mkononi mwake, dukani, siku ambayo alikuwa amelazwa hospitali. Ukiona uongo, una haki ya kuomba aliyeapa hivyo aitwe korti aulizwe maswali chini ya kiapo.

Pili, peleka ombi la dharura chini ya Amri ya 10, kanuni ya 11, ya Kanuni za Mwenendo wa Kesi za Madai (Civil Procedure Rules). Omba mambo matatu: utekelezaji usimamishwe, hukumu itenguliwe, uruhusiwe kujitetea. Kanuni haikutaja siku ngapi, ila kila wiki unayochelewa utaulizwa ulikuwa wapi. Ukiwa tayari umeorodheshewa vyombo, una siku 7 kabla ya dalali kuvibeba, kwa hiyo usilale.

Katika kiapo chako eleza hasa kilichotokea. Mahakama ya Rufaa, katika kesi ya James Kanyiita Nderitu dhidi ya Marios Philotas Ghikas ya 2016, ilitenganisha hukumu za aina mbili. Kama samansi haikukufikia ipasavyo, hukumu ina kasoro na itatenguliwa kwa kuwa ni haki yako, hata kama utetezi wako ni mwembamba. Kama ilikufikia sawasawa ukakosa kujibu, utategemea hiari ya hakimu, naye atataka sababu ya kuchelewa na utetezi wenye jambo la kusikilizwa. Tangu kesi ya Shah dhidi ya Mbogo, 1967, hiari hiyo ni ya kumsaidia aliyepatwa na ajali au kosa linalosameheka. Anayekwepa korti kwa makusudi haimsaidii. Kwa vyovyote, ambatanisha rasimu ya utetezi. Mimi sijaona ombi lililoharibika kwa kuwa nayo.

Jiandae pia kwa masharti: kulipa gharama za upande wa pili, au kuweka sehemu ya pesa kortini.

Shemeji alipewa amri ya kusimamisha utekelezaji siku ya tano. Hatukungoja mtu aipeleke. Tuliipiga chapa nakala tatu zenye muhuri: moja kwa dalali, mkononi, akatia sahihi, moja kwa wakili wa mdai, ya tatu ikabandikwa ukutani, juu ya mashine ya randa.